Mji wa Kale, Mei 2020: Kisa cha Mtaa Uliofungwa Katikati ya Ramadhani

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia saa moja ya jioni ile ile hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kuingia wala kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa muda wa siku 15. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulifungwa kwa tangazo lilo hilo. Mwezi mtukufu wa Ramadhani ulikuwa katika kumi lake la pili. Siku hizo zilipomalizika, muda uliongezwa hadi tarehe 6 Juni, hivyo mtaa huu ukakamilisha saumu, ukasherehekea Idi na ukaingia mwezi wa Shawali ukiwa nyuma ya vizuizi vya polisi, ndani ya kaunti ambayo yenyewe ilikuwa imefungwa tangu Aprili.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili. Wako wanaosema kwamba watu wa Mji wa Kale walikuwa wakaidi, walikataa kupimwa na kukaa mbalimbali, na kwa hiyo waliyatafuta yaliyowapata. Wako pia wanaosema kwamba serikali iliwaonea kwa sababu ya dini yao. Kwa maoni yangu, masimulizi yote mawili yanaliacha jambo lenyewe kando. Kilichokwenda mrama ni mpangilio wa hatua. Amri ilitangulia, kitisho kikafuata, na yale ambayo yangemwezesha mtu kutii, yaani uhakika wa chakula, maji, na kutotozwa pesa kwa kosa la kuwa mgonjwa, yakaja mwisho au hayakuja kabisa. Nitajaribu kuonyesha hilo kwa kufuata mambo yalivyotukia, nikikaa zaidi pale ambapo naona chanzo cha tatizo kilikuwa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Tarehe 22 Machi ikatangazwa kwamba misikiti, makanisa na mahekalu yasitishe mikusanyiko ya ibada, na kwamba safari za ndege za kimataifa zingekoma tarehe 25. Kwa Mombasa, tangazo hilo la ndege lilimaanisha njaa kabla halijamaanisha afya. Hoteli za pwani zilianza kuwarudisha wafanyakazi makwao, na nyuma ya kila mhudumu wa hoteli walikuwapo dereva wa tuktuk, mchuuzi wa vinyago, mvuvi aliyekuwa na mteja wa kamba na pweza, na mama aliyekuwa akiwauzia chakula hao wote. Tarehe 25 Machi ikatangazwa kafyu ya nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ambayo ingeanza Ijumaa ya tarehe 27.

Jioni hiyo ya tarehe 27 ndiyo iliyoharibu mambo mengi yaliyofuata, na haiwezekani kuuelewa Mji wa Kale bila kuipitia Likoni. Kivuko cha Likoni huvusha takriban watu 300,000 kwa siku, wengi wao wakiwa ni wafanyakazi wanaoishi ng'ambo ya kusini na kufanya kazi kisiwani. Wakati huo hapakuwa na njia nyingine ya kuvuka kwa miguu. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja alipaswa kufika kivukoni, kungoja feri, kuvuka, kisha kupanda matatu ambayo, kwa amri nyingine ya siku hizo hizo, gari la abiria 14 lilitakiwa kubeba wanane tu. Umati ukajazana kivukoni, kama ambavyo yeyote anayevijua vivuko vya Mombasa angetabiri. Kafyu ikiwa bado haijaanza, polisi waliwapiga watu virungu, wakawalaza chini na kuwarushia mabomu ya machozi.

Ni vyema kulitazama hilo kwa karibu, kwa sababu lina mafunzo ya kitabibu pia. Wiki mbili nzima wananchi walikuwa wameambiwa wasijiguse macho na pua, wasikaribiane, na wakikohoa wajizuie kwa kiwiko. Moshi wa machozi humfanya mtu afikiche macho, akohoe kwa nguvu, ateme mate, na amkumbatie aliye karibu naye ili asianguke. Watu waliokuwa wamesimama wakabanana ukutani, na wengine wakalala kifudifudi bega kwa bega. Kwa hiyo, amri iliyotolewa kwa ajili ya kuzuia maambukizi iliwaweka maelfu ya watu katika hali ile ile ambayo amri ilikusudia kuizuia.

Rais aliomba radhi tarehe 1 Aprili kwa yaliyotendeka. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikuwa kimekwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilikuwa kinyume cha Katiba. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki na iliyopimwa vizuri. Hata hivyo, hukumu haikuweza kuifuta picha iliyokwisha kusambaa kwenye kila simu ya mkononi mjini: kwamba afisa wa korona akija, huja na askari.

Kutoka hapo hatua zilifuatana haraka. Tarehe 8 Aprili, saa moja jioni, Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, na siku hizo hizo treni ya abiria ya Madaraka Express ikasimama. Barakoa zikawa za lazima, na aliyeonekana bila barakoa alitishwa kwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, adhabu ambayo kwa kibarua wa bandarini haikuwa na uwiano wowote na bei ya kipande chenyewe cha kitambaa. Kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Hassan Joho, ilitayarisha vitanda vya kutengea wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, kando na vile vya hospitali kuu ya Makadara. Mwishoni mwa Aprili, kaunti ilipeleka wahudumu wake Mji wa Kale kuwapima watu kwa wingi, kwa sababu kaunti ndogo ya Mvita, ambamo mtaa huu umo, ilikuwa ikitajwa kila siku katika takwimu za wizara. Waliojitokeza walikuwa wachache mno.

Hapa ndipo wengi huishia kusema: ukaidi. Mimi nadhani hapa ndipo uchambuzi unapaswa kuanza.

Mji wa Kale si mtaa wa nyumba zilizo na nyua na mageti. Kuanzia Ngome ya Yesu, kupitia Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze, nyumba zimeegemeana, na vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kugeuza bega ili mwenzake apite. Nyumba moja ya ghorofa huweza kuwa na babu na bibi chini, mtoto wao na mkewe orofa ya pili, na mjukuu aliyeoa juzi orofa ya juu, wote wakitumia ngazi moja. Mara nyingi choo ni cha pamoja kwa orofa. Jikoni hupika wanawake watatu kwa zamu, sinia ni moja, na watoto hulala kwa bibi. Ushauri wa kumtenga mgonjwa katika chumba chake, chenye choo chake na vyombo vyake, ulitolewa kana kwamba kila familia ina chumba cha ziada kinachongoja mgonjwa. Mkwe aliyeambiwa asimsogelee mama mkwe wake hakuwa na mahali pa kusogea.

Maji nayo ni habari ndefu, lakini nitaifupisha. Kaunti ya Mombasa, iliyohesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka 2019, hutegemea maji yanayotoka nje ya mipaka yake, kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Bomba huja kwa zamu, na siku nyingi mtu hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Kumwambia mtu wa namna hiyo aoshe mikono kwa maji yanayotiririka kila baada ya saa moja ni kumwongezea matumizi, na hilo lilipaswa kusemwa waziwazi na kupangiwa bajeti kabla ya kulifanya kuwa wajibu wa raia mwema.

Lakini kilichowazuia watu kwenda kupimwa, kuliko nyumba na kuliko maji, kilikuwa ni karantini. Katika wiki za mwanzo, aliyewekwa karantini ya lazima katika kituo cha serikali alitakiwa kujilipia, kiasi cha shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000. Zaidi ya hayo, katika mwezi wa Aprili serikali ilianza kuwapeleka karantini watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu. Kituo kimoja kikawa ni mahali pa kumlinda aliyekaribiana na mgonjwa na wakati huo huo ni mahali pa kumwadhibu mhalifu. Sampuli za Pwani zilipelekwa kupimwa katika maabara ya KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa tiba kilichoko Kilifi, na katika muda wa kungoja majibu familia nzima ilibaki roho juu, kwa kuwa jibu la mmoja lingeweza kuwaondoa wote nyumbani. Basi fikiria hesabu aliyoifanya mama wa nyumba, ambaye mumewe hajapata kibarua kwa mwezi mzima, alipoambiwa kwamba wahudumu wako pale njiani na kupimwa ni bure. Kupimwa kulikuwa bure kweli, ila matokeo ndiyo yaliyokuwa na bei. Ukimwita mama huyo mkaidi, utakuwa umemkosea, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Mwanzoni mwa Mei, siku zile zile Mji wa Kale ulipokuwa ukifungwa, serikali ilitangaza kwamba ingegharamia karantini katika vituo vyake. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Iwapo ungetangulia kwa wiki tatu, na ukatangazwa na masheikh na wazee wa mitaa katika lugha ya watu kabla ya mhudumu wa kwanza kuingia Kibokoni, naamini idadi ya waliojitokeza ingekuwa nyingine kabisa, na huenda sababu yenyewe ya kuufunga mtaa ingepungua nguvu.

Kuhusu maziko nasema kwa tahadhari, kwa kuwa ni jambo linalogusa vidonda. Taarifa za wizara zilikuwa zikitaja wagonjwa wa Mombasa waliofariki majumbani au waliofikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa. Hofu iliyowafanya watu wamfiche mgonjwa haikuwa ya kifo tu. Ilikuwa ni hofu kwamba akifia hospitali maiti ingezikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki, bila kuoshwa na wanawe, bila kukafiniwa inavyostahiki, na waliohudhuria wasizidi 15. Katika Uislamu kuwahi kumzika maiti si tatizo hata kidogo, bali ndiyo ada. Tatizo lilikuwa ni kuosha, ambalo ni haki ya maiti juu ya waliobaki. Sheria ya dini ina nafasi yake hapo: palipo na madhara ya kweli katika kuosha kwa maji, tayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo safi badala ya maji, huweza kuchukua mahali pake. Jibu hilo lilikuwapo vitabuni tangu zamani, na lingeituliza mioyo mingi kama lingetolewa mapema na kwa sauti moja, ya mwanachuoni na daktari wakiwa wamekaa pamoja, badala ya kusubiri hadi uvumi uwe umekwisha kuzunguka mji mzima.

Sasa turudi Ramadhani. Jua la Mombasa katika mwezi wa Mei huzama yapata saa kumi na mbili na robo. Kafyu ilianza saa moja. Kwa hiyo, baina ya futari na kafyu palikuwa na robo tatu ya saa hivi, na sala ya Isha pamoja na tarawehe ziliangukia zote ndani ya marufuku, hata kama misikiti ingekuwa wazi. Ibada ikahamia nyumbani. Familia nyingi ziliswali tarawehe jamaa, baba au kijana aliyehifadhi Kurani akiwa imamu sebuleni, na watu husema hadi leo kwamba hiyo ilikuwa ni baraka ambayo hawakuitarajia. Siiondoi baraka hiyo. Lakini nafasi ya sebuleni haikuwa ya kila mtu.

Upande wa riziki ulikuwa mgumu zaidi. Ramadhani, katika Mji wa Kale na pembezoni mwake, ni msimu wa mavuno kwa wanawake wapikaji. Kuanzia alasiri, meza hupangwa barazani na kandokando ya njia: sambusa, kaimati zilizorovywa katika shira, viazi karai, mkate wa sinia, vitumbua, bajia. Mpishi wa kaimati huumua unga wake baada ya Adhuhuri, na mafuta huwekwa motoni saa tisa, kwa sababu wateja wake wengi si majirani zake. Ni watu wanaotoka ofisini na madukani mjini, wale wa Bondeni, Majengo, Tudor na hata Nyali, wanaopita kuchukua vitafunio kabla ya kwenda kufuturu. Mtaa ulipofungwa, wateja hao walibaki upande wa pili wa kizuizi, naye akabaki na majirani ambao wao pia wana unga na mafuta yao nyumbani. Soko la Marikiti nalo lilifungwa, na hapo ndipo wengi walipokuwa wakinunua nazi, viungo na mboga kwa bei ya jumla. Biashara ya leso na nguo za Idi, ambayo kwa kawaida huufanya Mtaa wa Biashara usipitike katika kumi la mwisho, ilikosa wanunuzi wake wa Mji wa Kale kabisa. Mwanamke aliyekuwa akitegemea mwezi huo kulipia karo na kodi ya miezi mitatu aliukosa msimu ambao haurudi hadi mwaka uishe.

Chakula cha msaada kiligawiwa na kaunti, na misikiti, jamaa na matajiri wa mji walitoa zaka na sadaka zao kama desturi. Msaada mmoja ambao hausemwi vya kutosha ulitoka mahali pengine: tangu katikati ya Machi ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa imeondolewa. Shangazi aliyeko Malindi angeweza kutuma shilingi mia tano ya futari bila kukatwa hata senti, na pesa hiyo ilivuka kizuizi ambacho yeye mwenyewe hangeweza kukivuka. Hiyo ni mojawapo ya hatua chache za miezi ile zilizomfikia mtu kabla hajalazimishwa jambo lolote, na ndiyo maana ilifanya kazi bila askari hata mmoja.

Je, kuufunga mtaa kulizuia ugonjwa? Hapa tuna ushahidi mmoja wenye uzito. Kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, kipindi ambacho kinaukumbatia muda wote wa kufungwa kwa Mji wa Kale, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliichunguza damu ya wachangiaji 3,098 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ili kutafuta kingamwili za virusi vya korona. Baada ya kurekebisha hesabu zao, walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu nchini walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Mombasa iliongoza kwa asilimia 8, ikifuatwa na Nairobi kwa asilimia 7.3 na Kisumu kwa asilimia 5.5. Wachangiaji damu si sura kamili ya watu wote, na watafiti wenyewe walilizingatia hilo, lakini hata ukipunguza makadirio hayo kwa nusu, yanazungumzia makumi ya maelfu ya watu katika kaunti ya Mombasa pekee, wakati ambapo siku ya kufungwa mtaa wagonjwa waliothibitishwa nchini kote walikuwa hawajafika 600.

Maana yake ni nzito. Virusi havikuwa vimejikusanya Kibokoni vikingoja kuzingirwa. Vilikuwa vimekwisha enea Likoni, Kisauni, Changamwe na kwingineko, na vilionekana Mvita kwa sababu huko ndiko wahudumu walikokuwa wakivitafuta na huko ndiko baadhi ya wazee walikofariki. Siwalaumu maafisa wa afya kwa kutojua Mei yale yaliyobainika baadaye. Walifanya kazi usiku na mchana kwa vifaa haba, na baadhi yao waliugua. Ninachokipinga ni kuushikiza ugonjwa kwa mtaa mmoja na watu wake, kiasi kwamba kutajwa kwa Mji wa Kale katika taarifa ya habari ya jioni kukawa sawa na kutajwa kwa korona yenyewe, ilhali jirani wa Kisauni akijiona salama kwa kuwa yeye hatoki huko.

Idi iliangukia mwishoni mwa Mei, bila sala ya uwanjani na bila watoto kuzunguka kwa jamaa kutaka mkono wa Idi. Tarehe 6 Juni Rais alitangaza kwamba amri ya Mji wa Kale na Eastleigh haitaendelezwa, kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, na Kilifi na Kwale zikafunguliwa, lakini Mombasa yenyewe ilibaki imefungwa kwa siku nyingine 30, hadi alfajiri ya tarehe 7 Julai. Huko Likoni, ujenzi wa daraja la miguu linaloelea la Liwatoni uliharakishwa kwa sababu ya msongamano ule ule uliosababisha maafa ya Machi, na watu walianza kulitumia kuingia mwaka 2021.

Jambo la mwisho katika kisa hiki ni kufunguliwa kwa misikiti, na nalitaja kwa sababu safari hii mpangilio ulikuwa tofauti. Katika mwezi wa Juni serikali iliunda baraza la viongozi wa dini zote, likiongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria, ili lipendekeze namna ya kurejea ibadani. Masharti yaliyotangazwa tarehe 6 Julai yalikuwa makali: ibada ya saa moja, waumini wasiozidi 100, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Sharti hilo la umri liliwaumiza wazee wa Mji wa Kale kuliko kizuizi chochote cha Mei, kwa kuwa liliwaweka nje ya safu ya kwanza ambayo wengi wao walikuwa wakiikalia tangu ujana. Hata hivyo, masharti hayo yalipitia kwanza mikononi mwa viongozi wao wa dini, na utekelezaji wake uliachiwa kamati za misikiti, ambazo zinamjua kila mzee kwa jina la baba yake na zinaweza kumwendea nyumbani na kumweleza.